Mikate ya Chini ya Bahari

Kila asubuhi, kabla hajagusa unga, Papa Honoré huzima simu yake na kuiweka juu ya kabati, nyuma ya makopo ya hamira. Haiwashi mpaka mikate itoke kwenye oveni. Wateja wake wa Greyville, mtaa wetu hapa Durban, wamezoea. Anayetaka kuagiza huja mwenyewe mpaka mlangoni.

Alizaliwa Lubumbashi, akakulia Ufaransa, na huko akawa mwokaji wa jeshi la majini, ndani ya nyambizi inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Si mbali na jiko lake makombora yalisimama wima ndani ya mirija mirefu kama nyumba ya ghorofa.

"Kazi yetu ilikuwa kujificha tu," huniambia mimi, msaidizi wake wa jikoni. "Siku ya kuyarusha ingekuwa siku tumeshindwa."

Walikaa chini wiki nyingi bila kuona jua. Nguvu za injini hazikuisha. Kilichoisha ni saladi, halafu nyanya. Harufu ya mkate ndiyo iliyowaambia mabaharia kwamba kumekucha. Wengine walikuja kusimama jikoni kwake, wakivuta pumzi tu, kisha wakarudi kulala. Akilisimulia hilo hucheka peke yake.

Kelele zilikatazwa, maana majini sauti hufika mbali. Mpaka leo huweka trei mezani kama anayelaza mtoto mchanga.

"Papa Honoré, bomu limeiva?" humtania Dulla, Mtanzania wa duka la simu la jirani.

"Iko napoa. Na wewe punguza mdomo, utatuzamisha!"

Jambo moja hakuna anayelitania. Nyambizi ikiwa doriani, familia zilituma ujumbe mfupi, lakini baharia hakuweza kujibu, na habari ya msiba ilizuiwa mpaka warudi bandarini. Mama yake alifariki wakiwa chini. Kamanda alijua. Kila asubuhi alipita jikoni, akachukua kipande chake cha mkate, akasema asante. Honoré aliambiwa siku ya kushuka, begi likiwa begani.

Jumatano iliyopita, dada yake Immaculée alikuwa akifanyiwa operesheni ya tumbo huko Lubumbashi. Nilidhani siku hiyo hataizima simu. Aliizima. Mikate ilikuwa bado ndani ya oveni wakati mkewe, Mama Agathe, aliposhuka ngazi na simu yake mkononi. Akasimama mlangoni, akingoja. Honoré alimtazama mara moja tu, akageukia oveni. Dulla alikuja na mzaha wake, akatuona, akaumeza.

Trei zilitoka moja baada ya nyingine, bila mlio. Honoré akafuta mikono.

"Sema sasa, Mama Agathe."

"Amefungua macho. Iko anauliza nani anamwagilia maua yake."

Honoré akakaa juu ya gunia la unga, kofia usoni.

"Na mimi nimesimama hapo na furaha yangu kama askari wa geti!" mkewe akafoka, machozi yakimtoka. "Washa simu, wewe mwanaume! Hapa ni Durban, si baharini!"

Mkewe alipokwisha kupanda juu, nilimuuliza mzee, "Papa, kule chini, ungetaka wakuambie siku ileile?"

Alinikatia kipande cha pembeni, kilichoiva sana, ninachokipenda.

"Hapana, mwanangu. Wiki zile nilioka vizuri. Nilikuwa bado nina mama."