Ukuta Uliomsingizia Mume Wangu

Mume wangu hakuwahi kuchanganya rangi kwa maji ya mvua. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna ukuta uliodai hivyo kwa wiki mbili, kwa herufi nzuri za kahawia, na watu wakausoma na kutikisa vichwa. Yeye alinunua rangi ya mafuta dukani kama fundi mwingine yeyote. Kopo likianza kukauka alilitia mafuta ya taa, akakohoa, akalaani, akaendelea.

Alikuwa fundi wa vibao. Kama umewahi kupita mtaani kwetu ukasoma "Kinyozi", "Tunashona Sare" au "Ni Marufuku Kutupa Taka Hapa", umeshasoma kazi yake. Herufi zake zilisimama kama watu waliopanga foleni kwa adabu. Picha, hapana. Alipochora vichwa vya wateja kwenye kibao cha kinyozi, vyote vinne vilitoka na sura yake mwenyewe, na kinyozi wa watu akawa anaulizwa kama lile ni duka la ukoo. Tena alikuwa akiandika kwa kuanzia herufi ya mwisho, anarudi nyuma mpaka ya kwanza. Watu walidhani ni siri ya ufundi. Mimi aliniambia ukweli: "Nikianzia mwanzo, mwenye duka anasoma, na akisoma anaanza kushauri. Nikianzia mwisho, inambidi angoje."

Alifariki ghafla, amekaa kwenye kigoda chake anafungua kopo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila pambo wala matembezi. Chumba chake cha kazi kimepakana na changu, na kati ya viwili hivyo ni mlango mmoja wenye pazia. Ndiyo maana niliyasikia yote. Mtu aliye edani hana pa kwenda, na wale watoto hawakuwa na sauti ya chini.

Wale watoto ni binti yangu na wenzake wawili, wote wa mwaka wa mwisho chuoni, wanasomea usanifu wa michoro. Chuo kiliwataka wafungue studio ya kweli mahali pa kweli. Iwe na jina, iwe na nembo, na iwe na mada moja inayoonekana kuanzia mlangoni hadi kwenye kikombe cha penseli. Juu ya hayo, iwe imemfanyia kazi mteja mmoja wa kweli. Watahini wangekuja kuiona kwa macho yao, na wakiikataa, wanafunzi wanarudia mwaka. Binti yangu akaniomba chumba cha baba yake. Nilimkubalia kabla hajamaliza kuomba. Mlango ule uliofungwa ulikuwa umeanza kunitazama.

Mwenzake wa kwanza tulimwita Mkurugenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku ya kwanza, kabla hata chumba hakijafagiwa. Wa pili tulimwita Chaja, maana akiingia hakusalimu, aliuliza soketi iko wapi.

"Tuanze na maono," akasema Mkurugenzi.

"Tuanze na ufagio," akasema binti yangu.

"Ufagio ni utekelezaji, dada. Huko bado hatujafika."

Na kweli hawakufika. Mimi niliingia eda, wao wakaingia mkutano. Wiki mbili za kwanza mada ilikuwa bahari, mpaka Chaja aliposema bahari inamtia kichefuchefu hata kwenye picha. Ikaja anga ya juu. Wakapaka dari rangi nyeusi, kisha wakagundua hawaoni wanachokifanya, wakaipaka tena nyeupe. Ukaja msitu. Ikaja jela, ambayo Mkurugenzi aliipenda sana kwa kuwa "inaleta mjadala". Tasbihi ilikuwa mkononi mwangu, nami nilipoteza hesabu mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Nembo walichora mia moja na kitu. Iliyoshinda ilikuwa duara.

"Duara tupu?" binti yangu aliuliza.

"Si tupu. Limeachwa wazi kwa makusudi."

Katika mwezi wa tatu wa eda alikuja muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa marehemu. Kibao chake alikiandika mume wangu miaka kumi na moja iliyopita, na jua lilikuwa limekila chote. Nikamsikia akipiga hodi.

"Vijana, nataka kibao. Mwandike 'Nyama Safi', kama kile cha zamani."

"Karibu, mzee," akasema Mkurugenzi. "Kabla ya kibao, tupe hadithi ya chapa yako."

"Hadithi?"

"Ndiyo. Wewe ni nani? Kwa nini nyama?"

"Kwa sababu ng'ombe wapo."

"Na unataka mteja akikiona kibao ajisikie nini?"

"Njaa."

Nilijifunika mto usoni. Mjane akicheka husemwa.

Wiki iliyofuata alirudi, wakamwonyesha vipande vitano vya karatasi nyekundu. Hii, wakamwambia, ni nyekundu ya uaminifu, na hii ni ya ujasiri. Akasema yeye anataka nyekundu ya nyama. Mara ya tatu wakamweleza kwamba nembo ya studio bado haijapitishwa, na hawawezi kumpa mteja pendekezo kwenye karatasi isiyo na nembo. Akasogea dirishani kwangu.

"Shemeji."

"Abee."

"Mungu akupe subira. Na simaanishi ya msiba peke yake."

Akaenda zake. Binti yangu alimkimbilia mpaka kona, akarudi peke yake. Kesho yake muuza nyama aliandika kibao mwenyewe, kwa mkaa, na kikasomeka vizuri tu.

Siku chache baadaye Mkurugenzi alinyamaza kwa muda mrefu, jambo ambalo kwake halikuwa dalili njema. Kisha akapiga kofi moja.

"Jamani, mada tumeikalia!"

Nikasikia Chaja akiinuka haraka kutoka kwenye kigoda cha marehemu.

"Karakana ya fundi wa zamani," akasema Mkurugenzi. "Brashi zilizochakaa. Ukuta wenye madoa. Harufu ya kazi. Tutaita 'Kwa Mzee'."

Moyo wangu ulitulia. Nikasema, alhamdulillahi, sasa hawana la kufanya, maana chumba chenyewe ndicho hicho. Kilichobaki ni kufungua dirisha.

Kesho yake binti yangu akaja kwangu. "Mama, tuna majani ya chai? Mengi."

Nikafurahi. Nilidhani wamefanya kazi mpaka wakashikwa na kiu, nikampa pakiti nzima. Baada ya muda nikajitanda, nikachungulia pazia. Beseni langu la kufulia lilikuwa limejaa chai nyeusi tii, na ndani yake zimelala brashi mpya ishirini, nyingine bado zina karatasi ya bei, zinalowekwa zizeeke. Chaja alikuwa amekaa chini anausugua mpini wa mojawapo kwa msasa, ulimi nje, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

"Na za baba yako ziko wapi?" nikamwuliza binti yangu.

Akamtazama Mkurugenzi.

"Zile zilikuwa zimechakaa, mama," Mkurugenzi akanijibu kwa upole wa daktari. "Zilikuwa nzee, sawa, ila hazikuwa na mwonekano wa uzee. Tulizitoa pamoja na takataka."

Gari la taka lilikuwa limepita asubuhi ile.

Sikulia mbele yao. Nilirudi nikakaa kwenye msala wangu wa kusalia. Ile brashi pana, mpini wake ulikuwa na kishimo kilicholiwa na kidole gumba kwa miaka ishirini na sita. Mimi niliwahi kutia kidole changu pale, kikapwaya.

Mada ikishapatikana, wakasema, inataka mwanzilishi. Mkurugenzi akaja kusimama upande wa pili wa pazia, simu yake inarekodi.

"Hodi, mama. Tuambie mzee alivyoanza. Ndoto ilimjia lini?"

"Ndoto gani, mwanangu? Alikuwa anaoka mikate. Akafukuzwa."

"Kwa sababu ya mapenzi ya sanaa?"

"Kwa sababu ya kulala. Mikate mia mbili iliungua. Tajiri akamwambia kabla hujaondoka paka rangi huu ukuta uliouharibu kwa moshi. Akaupaka, akaandika jina la tanuri juu yake, mpita njia akalipenda, akamwita kwake. Basi."

Akafikiri. "Hii, mama, haigusi moyo."

"Iligusa matumbo yetu miaka ishirini na sita."

Akanishukuru, akazima simu, akaenda kutunga yake.

Siku nne kabla ya mtihani ukuta ulikuwa tayari. Binti yangu alikuja kunisomea, amesimama mlangoni kama mtoto anayeleta ripoti ya shule: "Katika chumba hiki aliishi bingwa aliyezaliwa na brashi mkononi. Hakununua rangi. Aliikusanya katika udongo na kuichanganya kwa maji ya mvua ya kwanza. Kabla ya kila herufi aliusemesha ukuta, na ukuta ulimjibu."

"Ulimjibu nini?"

"Mama!"

"Nauliza. Baba yako asubuhi hakumsemesha hata jirani."

"Ni dhana tu, mama. Kila studio ina simulizi yake."

"Dhana ni lile duara lenu. Hapa pana mtu aliyezikwa. Tumefundishwa tuwataje maiti wetu kwa wema. Hatukufundishwa tuwatungie. Yeye hana tena mdomo wa kukana."

Akaketi ukingoni mwa kitanda changu, na sauti yake ikashuka. "Mteja hatuna. Muuza nyama kaondoka. Kilichobaki cha kutuokoa ni ule ukuta. Mkurugenzi ameshawaambia watahini kwamba mjane atakuwepo kushuhudia. Ukisema si kweli, nitarudia mwaka, mama. Mwaka mzima. Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze tu."

Eda yangu iliisha siku moja kabla ya mtihani. Nikaoga, nikavaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza, nikasali, na dua yangu ilikuwa moja: nisiulizwe. Wala sikuwa shujaa kuliko hapo.

Watahini walikuja wawili, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na kijana wa kumwandikia. Mkurugenzi alizungumza dakika arobaini. Aprini mpya iliyopakwa madoa kwa vipimo ilikuwa imetundikwa ukutani, brashi za chai zimelazwa ndani ya sanduku la kioo, na simu ya Chaja ilikuwa inapiga sauti ya mvua, mpaka ilipozimika kwa kukosa chaji.

Mama yule alitoa brashi moja, akainusa.

"Hii inanuka chai."

"Ni harufu ya kumbukumbu," akasema Mkurugenzi.

"Ni ya majani ya pakiti. Mteja wenu ni nani?"

"Mteja wetu wa kwanza ni sisi wenyewe."

Kijana wa kuandika akaandika kitu kifupi sana.

Mtahini akasimama mbele ya ukuta, akausoma wote, kisha akanigeukia. "Pole kwa msiba, mama. Wewe ndiye uliyeishi naye. Haya ni kweli?"

Binti yangu aliinamisha kichwa, amekunja ncha ya ushungi wake mkononi. Mungu namwogopa, na mwanangu nampenda, na siku ile sikuweza kuvikalisha viwili hivyo kwenye kiti kimoja.

"Si kweli," nikasema. "Hata moja. Rangi alinunua dukani. Ukuta hakuusemesha, ila akiukosea aliutukana."

"Na alikuwa anaandika vizuri?"

"Herufi, ndiyo. Sura za watu, tumwombee."

Mtahini akafunga daftari lake. Matokeo yalipotoka, wote watatu walikuwa wameanguka. Mkurugenzi alikata rufaa, akafaulu kwa sababu ya ufasaha wa maelezo, na leo ameajiriwa kwenye kampuni ya matangazo. Akipita hunipungia mkono akiwa ndani ya gari. Chaja anarudia mwaka. Binti yangu anarudia mwaka.

Tangu siku ya mtihani, siku tisa hakusema nami. Chakula alikula, na salamu alitoa kama anayelipa faini. Siku ya kumi, baada ya adhuhuri, nikasikia kitu kinakwaruza kule chumbani. Nikainua pazia. Alikuwa juu ya ngazi, nywele zimejaa vumbi jeupe, na ukuta wote umerudi kuwa mtupu. Chini alikuwa ameweka karatasi na penseli.

"Nimefuta," akasema bila kunitazama. "Sasa sema wewe. Nitaandika unavyosema, hata kama haigusi moyo."

Akashuka. Nikakaa. Nikaanza na mikate na usingizi, akaandika. Nikasema vichwa vya kwa kinyozi, akaandika, mdomo ukimcheza kidogo. Kisha akasimamisha penseli.

"Alikuwa na hasira."

"Sana."

"Aliwahi kunirushia kopo la rangi. Ya kijani."

"Najua. Gauni nililifua mimi, na halikutakata."

"Hilo nalo niandike?"

"Andika. Na uandike kwamba alikuja kukuomba radhi hata kabla hajatawadha, akasema hawezi kusimama mbele ya Mungu na huku nyuma wewe umenuna."

Akaandika mpaka neno la mwisho. "Niseme nilikuwa na huzuni," akasema.

"Hapana. Ulikuwa na miaka minane, na ulinuna siku tatu. Andika hivyo."