Dakika Mbili za Sauti ya Mke wa Mwalimu

Kabla ya vita, mke wa jirani yangu, mwalimu mstaafu, alishuka na boti hadi Kinshasa kumsaidia binti yao aliyejifungua. Vita ikaukata mto katikati. Miaka miwili mwalimu hakupata hata salamu.

Mimi nilitunza kompyuta katika ofisi ya mapadre, ambako simu ya setilaiti ilitupa intaneti kwa saa moja kila asubuhi. Siku moja, kwenye ukurasa wa redio ya ng'ambo inayopitisha salamu za familia zilizotengana, nikaona jina la mwalimu. Kutoka kwa mkewe, sauti, dakika mbili. Chini waliandika kwamba sauti hufutwa baada ya siku saba.

Mwalimu alifika juu ya toleka, zile baiskeli zetu za abiria, amevaa koti la harusi. Nikabofya. Kompyuta ikajibu kwamba kazi fulani haimo katika maktaba. Maktaba ni faili ambamo programu huazima kazi zake, na yetu ilikuwa kuukuu.

"Bon," akasema, "hiyo kazi tutaitafuta wapi?"

Laiti ningejua! Programu ya zamani zaidi haikufungua sauti ya aina ile. Kompyuta ya chuo kikuu ilikuwa na mfumo mpya na maktaba kamili, ila haikuwa na intaneti, na sauti yenyewe haikukubali kuhifadhiwa. Mtafiti aliyekimbia kutoka kituo cha utafiti cha Yangambi alikuwa na kompyuta yenye mfumo wa tatu, usiotambua maktaba zetu kabisa. Siku nne zikapita. Kila asubuhi mwalimu alikaa nyuma yangu na koti lake, mikono magotini.

Siku ya tano padre mmoja akauliza kwa nini hatumwandikii tu mama kupitia redio. Barua pepe zilikuwa zinakwenda bila shida.

"Nitajibu nini, mon père? Sijasikia alisema nini. Kama mutoto alikufa, na miye namutumia salamu ya furaha?"

Nikamuunga mkono. Kusema kweli, nilishikwa na kiburi: nilitaka kuishinda ile mashine.

Siku ya sita nikafanya kama makanika wa malori ya Bafwasende. Kipuri kikikosekana, wanakifungua kwenye lori lililokufa. Nikainakili maktaba ya chuo kwenye disketi, nikaiweka juu ya ile yetu. Kompyuta haikufunguka tena, na barua pepe ikafa nayo.

"Alors?" akauliza mwalimu.

"Imekufa, papa."

Akavua koti, akalikunja polepole, akaondoka kwa miguu. Niliona aibu hata ya kumsindikiza.

Mto ulipofunguliwa, boti ya kwanza iliniletea barua ya binti yake. Juu ya bahasha aliandika: kwa jirani wa marehemu baba yangu. Mama yake alisema redioni, kama uko hai, jibu neno moja tu. Walingoja miezi mitatu, kisha wakamfanyia baba matanga. Mama alivaa nyeusi, hakuivua tena. Naye mama walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

Nilimpelekea mwalimu barua ile mwenyewe. Aliisoma mara mbili, amesimama mlangoni.

"Basi ameenda kunitafuta kule," akasema, "na miye niko hapa."