Umeme wa Wauzaji Wawili

Dada yangu anauza samaki sokoni Rumonge, na wiki ile friza yake ilijaa mukeke wa harusi ya bintiye. Wakwe walikuwa wameahidiwa samaki wabichi. Siku hizi kwetu kuna wauzaji wawili wa umeme, na mimi, niliyesomea mambo hayo chuo kikuu, nilimshauri ajiunge na wote. Nilimpigia hata hesabu: wa mmoja ukikatika, wa mwenzake utabaki.

Alhamisi asubuhi ulikatika wa wote wawili. Nilifuata nyaya zao kwa miguu kuelekea Kigwena, mpaka nikakuta zote zinatoka kwenye laini moja kubwa, nayo imeangukiwa na mti wa mawese. Miaka yote ya hesabu, sikuwahi kuinua macho nitazame.

Niliporudi, samaki walikuwa wameanza kulainika. Dada alikuwa ameketi kando ya gunia la chumvi, kisu mkononi.

“Hii chumvi ulinunua lini?” nikamuuliza.

“Siku ile ulimaliza hesabu yako, kaka. Wakwe watakula mukeke ya chumvi, na watanisema mwaka muzima. Keti, upasue.”

Nikaketi, nikapasua mpaka vidole vikaniwasha kwa chumvi.