Nilisikia kanisani kwamba baba wa watoto wangu anaoa

Admin, nifichie jina, Bukoba ni ndogo na tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, naishi Kitendaguro. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka tisa, wa kiume anakaribia minne. Na baba yao tumeishi miaka kumi bila kufunga ndoa. Alikuja kujitambulisha kwetu, wazazi wangu wakampokea, majirani wote wananijua kama mke wake. Nikigusia kanisa ananiambia, "Tumalize nyumba kwanza." Nikabeba maji na mchanga, nikapikia mafundi, nikalima kibanja chetu cha migomba mimba ikiwa tumboni. Nyumba ikaisha.

Jumapili moja baada ya komunyo yakasomwa matangazo ya ndoa. Nikasikia jina lake, kisha jina la binti wa mtaa wa Rwamishenye. Binti yangu akanivuta kitenge: "Mama, huyo si baba?" Watu wa benchi la mbele wakageuka.

Nyumbani hata hakukana. "Mimi na wewe hatukufunga ndoa. Nimevunja nini?" Wiki hiyohiyo, nikiwa sokoni, akawapeleka watoto kwa mama yake, kijijini Izigo.

Niliwafuata. Mama mkwe, ambaye siku zote amenipenda, alisimama mlangoni akilia. "Waitu," akanisihi kwa Kihaya, "mwanangu, watoto ni wa ukoo. Nikikupa, baba yao hatanisamehe." Ndani nilimsikia mdogo akiniita. Nilirudi Bukoba mikono mitupu.

Nikaenda kwa mama mmoja anayesaidia watu mambo ya sheria. Akanieleza taratibu: mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia hivyo, mwenzako asipothibitisha vinginevyo. Jasho langu kwenye nyumba linahesabika. Mtoto wa chini ya miaka saba kwa kawaida huachwa kwa mama. "Huyo mkubwa," akasema, "hakimu anaweza kumsikiliza mwenyewe."

Nilipomwambia mwanaume nitashtaki, na nitamwona paroko kuweka pingamizi, alicheka. "Nitasema ulikuwa dada wa kazi, nikakuzalisha. Mashahidi ninao. Ukinyamaza mpaka nifunge ndoa, watoto utawapata."

Nilikuwa nimeshaamua kwenda mahakamani. Jana binti yangu akanipigia kwa simu ya bibi yake, ananong'ona. "Mama, wakiniuliza nitasema nataka kukaa hapa."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba amesema nikikuchagua wewe, mdogo wangu atabaki peke yake. Usiku analia, mama. Mimi ndiye ninayembembeleza."

Simu ikakatika. Tangu hapo haipatikani.

Tangazo la mwisho ni Jumapili hii. Nikinyamaza, nani atamlazimisha kutimiza ahadi ya kunirudishia watoto? Nikienda mahakamani, mwanangu wa miaka tisa atasimama kunikana ili amlinde mdogo wake. Ndugu zangu, hasa mliopita njia hii, niambieni, nishike lipi?