Baba alikuja na kisu kwenye upasuaji wa sungura wangu

Leo Baba kaja na kisu kwa daktari wa mifugo!

Sungura wangu kang'atwa na mbwa, ilibidi ashonwe. Baba akasema, "Akizidiwa nachinja. Nyama isipotee."

Daktari akampiga sungura nusu kaputi, akatundika dripu. Katikati ya kushona, akagusa sikio.

"Presha inashuka."

Mishipa ya sikioni ilikuwa imepotea, huoni hata mmoja. Baba akachomoa kisu.

Daktari akaifungulia dripu ikimbie.

Jamani! Mshipa mmoja ukajichora. Ukafuata mwingine.

"Mzee, shika hapa."

Baba, mfugaji wa miaka mingi, akashika. Ulikuwa unadunda.

Kisu kikarudi kiunoni.

"Huyu haliwi tena," akasema. "Nimeiona damu yake ikirudi."

Nyie mngemla?