Watu Hawasomi Siku Hizi

Nianze na hasira, maana nikiificha itatoka tu mbele ya safari. Duka la vitabu ninalotaka kulisimulia halikufa kifo cha Mungu, kama watu wa Dodoma wanavyopenda kusema wakikumbuka mambo ya zamani huku wakitikisa vichwa. Liliuawa polepole na mwenyewe, na katika kuliua aliniua na mimi kidogo. Sasa nimestaafu ualimu, nina muda wa kutosha wa kununa, kwa hiyo nitasema.

Duka lilikuwa kwenye jengo moja refu karibu na soko, lenye baraza ya saruji mbele na milango mingi inayofanana. Hatukuwa na yale majengo ya ghorofa yenye vioo na ngazi zinazotembea zenyewe. Kwetu, jengo lile ndilo lilikuwa mjini kwenyewe. Mlango mmoja vitenge, mwingine saa na redio, mwingine vyombo vya ndani, na katikati vitabu. Mwenye duka alikuwa mzee wa mjini hasa, wa wale ambao babu zao walifika na misafara ya biashara, wakaona hapa panafaa, wakabaki. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi.

Mlangoni aliweka birika la maji, beseni na kitaulo. Hushiki kitabu mpaka unawe. Vumbi la Dodoma halina adabu, linakufuata mpaka ndani ya soksi, na dole moja tu linatosha kuacha alama ya kudumu kwenye ukurasa. Nimewaona wakubwa wa ofisi wakinawa pale, na nimemwona mchunga mbuzi akinawa, akajifuta, akaketi kwenye benchi na kufungua atlasi. Ukishanawa hakuna aliyekuuliza mfukoni una nini. Unakaa, unasoma. Kulikuwa na hadithi za Kiswahili, kamusi, vitabu vya kilimo, na vile vitabu vinene kutoka Urusi vya bei ya kutupa, vyenye karatasi ngumu na picha za watu waliovaa makoti. Humo ndani palinukia gundi na karatasi mpya. Mpaka leo nikifungua bunda la karatasi nakumbuka pale, kisha nakasirika.

Mimi nilitoka Kongwa, mwalimu mpya, nikapangiwa shule ya msingi huku Kizota, katikati ya mafundi gereji na wachomeleaji. Ukitaka watoto wakusikie ilibidi upaze sauti kumshinda mtu anayenyoosha bati la gari. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu. Nanawa, naketi, nasoma mpaka adhuhuri, na mzee anakuja kunihoji kama mkaguzi wa shule: huyu mwandishi kakudanganya wapi, huyu kakuonea wapi. Nikimjibu ovyo ananicheka. Siku moja akaniambia kwamba ninavyosimulia vitabu vya wenzangu ni dhahiri ninacho cha kwangu, sasa ninamngoja nani?

Basi nikaandika. Nilitumia miaka minne, kwenye madaftari ya mistari, usiku na likizo. Kilikuwa kisa cha mama mmoja wa Kongwa aliyegoma kuhama shamba lake wakati wanaume wote wa ukoo walishakubali. Mzee alisoma kila sura, na penseli mkononi. Palipomchosha aliandika pembeni "usingizi". Palipomfurahisha hakuandika kitu, akanirudishia daftari tu na kuniagizia chai. Yeye ndiye aliyenitafutia anwani ya mchapishaji wa Dar es Salaam, na yeye ndiye aliyenisaidia kuandika barua.

Kitabu kilipotoka, chembamba, jalada la rangi ya udongo, nakala ya kwanza nilimpelekea yeye. Nilinawa mikono kama mteja mwingine, nikakaa kwenye lile benchi, nikaandika ukurasa wa mbele: "Kwa mzee wangu, uliyenifundisha kunawa kabla ya kusoma. Hiki ni chako kabla hakijawa cha mtu mwingine yeyote." Nikatia saini. Alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana. Sitasema alikuwa anaigiza. Nadhani siku ile hakuwa anaigiza.

Sasa nieleze kilichokuwa kinaniweka roho juu. Mchapishaji aliniandikia kwamba nakala za kwanza zikiisha watachapa kitabu changu cha pili, na zisipoisha tusahauliane. Na cha pili nilikuwa nimeshakiandika. Ni habari za mke wa mfanyakazi wa reli pale Ihumwa. Sikumwonyesha mtu hata mmoja, hata mzee. Nilitaka nimpe habari zote mbili kwa pamoja, kwamba kimekubaliwa, na kwamba yeye ndiye atakayekisoma wa kwanza. Huku kwetu kitabu changu kiliuzwa mahali pamoja tu, dukani kwake. Kwa hiyo uandishi wangu wote ulikaa kwenye rafu moja, mkono wa kulia ukiingia.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia kila mtu kuagiza na kuuza atakacho. Nisiwe mnafiki, na sisi tulishangilia. Tulikuwa tumechoka kupanga foleni ya sabuni. Ghafla soko likajaa: mitumba, chupa za chai za maua, kaseti, viatu vya plastiki vya kila rangi. Lakini mambo ya vitabu yakaanza kwenda kombo. Shirika lililokuwa likivisambaza likalegea, malori hayaji, bei ikapanda, na kodi ya chumba nayo ikapanda. Pale dukani rafu zikaanza kurudi nyuma. Kwanza ziliondoka atlasi, zikaja kadi za harusi. Vikaondoka vitabu vya Warusi, likaja jokofu la soda. Benchi likatolewa nje barazani, kisha sikuliona tena. Siku moja nimefika, mzee kasimama na watu wanashangaa: mashine ya fotokopi, kubwa kama jiko la shule, imekaa pale palipokuwa na hadithi. Beseni nalo halipo. Nilipomuuliza alicheka, akasema karatasi za mashine hazichafuki.

Nilimwelewa. Nilisema moyoni, acha mzee apumue. Kila Jumamosi nilikwenda, shikamoo mzee, marahaba mwalimu, na baada ya kuzungukazunguka namuuliza, vipi, vinatoka? Anatazama rafu, anashusha pumzi.

"Bado, mwalimu. Watu hawasomi siku hizi."

Alilisema hilo kwa huruma, tena kwa sauti ya chini, kama daktari. Na kweli, ukitazama rafu, vitabu vyangu vipo vilevile, vimeanza kuwa na vumbi. Nikamwonea huruma yeye! Nilimpa jirani yangu hela akanunue nakala mbili, ajifanye kazisikia sifa za kitabu huko mbali, ili mzee atiwe moyo. Jamani. Na darasani nikawa mkali, nawasema watoto kwamba ninyi ndio kizazi cha kaseti, hamtasoma, mtakufa wajinga. Nyumbani niliacha kuandika. Nitaandika kwa ajili ya nani, ikiwa mtu anayekaa na vitabu mchana kutwa ananiambia wasomaji wamekwisha? Hivyo ikapita miaka miwili na zaidi.

Kisha shuleni kwetu wakaletwa wanachuo wa ualimu kwa mazoezi ya kufundisha. Mmoja, binti wa Kondoa, mpole, alikabidhiwa kwangu. Siku ya tatu, wakati wa chai, akanisogelea akisitasita, akaniuliza kama ni mimi yule mwandishi. Nikamwambia mwandishi gani. Akafungua mkoba akatoa kitu. Karatasi nyeupe zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili, bila jalada, pembe zimejikunja kwa kushikwa. Akaomba nimtilie saini.

"Ingawa ulishatuandikia wote hapa mbele," akasema.

Nikatazama. Mwandiko wangu. Kwa mzee wangu, uliyenifundisha kunawa kabla ya kusoma. Herufi zilezile, saini yangu ileile, imepauka kidogo, na pembeni mwa ukurasa kivuli cheusi cha dole gumba la mtu aliyekuwa anakikandamiza kitabu kwenye kioo.

Yule binti hakujua amenishikisha nini. Alikuwa anachangamka. Akaniambia bwenini kwao walishabishana sana huyu mzee ni nani, wengine wanasema ni baba yangu, wengine wanasema ni mume aliyenizidi umri. Akasema chuo kizima wanacho, ukikosa unaazima, kuna waliolia pale mama anapobaki peke yake shambani, na mkufunzi wao mmoja aliwasomea sura nzima darasani. Nikamuuliza wanavitoa wapi. Mjini, akasema, kwa mzee wa fotokopi, anazo tayari chini ya meza, unaomba tu.

Nikamtilia saini. Ningemfanyaje? Niliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akadhani ni furaha. Na sehemu yake, niseme kweli, ilikuwa furaha, ndiyo maana ilikuwa mbaya sana. Nimesomwa. Miaka yote ile niliyojiona mtu anayeongea na ukuta, kumbe ng'ambo ya mji kuna bweni zima linanililia, na anayejua hivyo ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa ananitazama usoni kila Jumamosi.

Sikungoja Jumamosi. Jioni ileile nikaenda, na kitabu cha binti nimekiazima. Mzee alikuwa anatoa kopi za vyeti vya mtu. Nikangoja mtu yule aondoke, nikaziweka zile karatasi juu ya mashine, ukurasa wa mbele umefunguka. Salamu sikutoa. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani nimemwingilia mtu mzima bila shikamoo.

Hakukana. Hilo nampa. Alikaa kwenye stuli, akaeleza taratibu kwamba kitabu chenyewe bei yake wanachuo waliiona wakakirudisha, kwamba siku moja mmoja alimsihi amtolee kopi, naye nakala iliyokuwa karibu ni ile ya kwake mwenyewe, akaitoa, na kesho yake wakaja kumi. Akasema mashine ameikopea. Akasema wallahi hakukusudia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza, mwalimu."

"Ukaona bora uniambie hawasomi? Kati ya uongo wote ulioumbwa, mzee, ukachagua huo?"

Nami nikamwambia yaliyonijaa. Nikamwambia hela achukue, mashine achukue, hata kitabu achukue, lakini alikuwa akiniona nazimika pale mbele yake wiki baada ya wiki, na neno moja lingetosha kuniwasha. Nikamwambia alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na nilikuwa namwita baba kwa watu. Nadhani nilipaza sauti, maana wa vitenge alichungulia. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Nikachukua karatasi zangu, yaani za yule binti, nikageuka.

Nimefika mlangoni akaniita.

"Mwalimu. Wanauliza kama kuna kingine." Akasafisha koo. "Kama kipo, kilete. Nitakitoa mimi. Kitasomwa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kukutukana huku anakuheshimu, maana alikuwa anasema kweli tupu na hakuona haya. Nikashuka barazani nikaenda zangu, natembea kwa miguu mpaka Kizota, vumbi limenigandia kwenye machozi.

Mwisho wa mwaka barua ikaja kutoka Dar es Salaam, ya adabu sana. Kwa kuwa nakala zako nyingi bado zimo ghalani, wanasikitika. Niliikunja nikaiweka. Niliwahi kuanza kuwaandikia kwamba nasomwa, chuo kizima, njooni mwone. Sikuimaliza. Ushahidi wenyewe ningeutoa wapi, kwenye karatasi za pini mbili? Baada ya muda wakaacha hadithi kabisa, wakabaki na vitabu vya kiada. Duka nalo likaacha kujifanya. Vile vilivyosalia kwenye rafu vikawekwa kwenye maboksi, wakabandika maandishi mapya mlangoni, na siku hizi pale wanauza simu na kava zake. Vijana wanaoingia hawajui kwamba zamani mlango ule haukupitika bila kunawa mikono. Mzee alishafariki. Nilikwenda msibani, nikakaa jamvini na akina mama, nikala pilau ya watu, nikasikia wanavyomsifu kwa kuusomesha mji huu, na nikakaa kimya kwa sababu ni kweli.

Cha pili bado ninacho, madaftari sita, kwenye sanduku la bati chini ya nguo. Wanangu wanadhani ni maandalio ya masomo. Nilikataa kukipeleka pale kwa sababu nilikuwa na haki ya kukataa, na mtu akiniuliza leo nitasema nilifanya vema, nitasema kwa sauti kubwa. Mzee yule alinizunguka na sijamsamehe. Ila tangu jioni ile, miaka yote hii, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia, kilete.