Saba Mahali pa Tano

Wivu ni ugonjwa, na mimi niliuugua mwaka mzima kwa sababu ya dada mmoja aliyetoka Kagera. Tulikuwa mafundi wa intaneti Masasi. Mimi ni mtoto wa Chiwata, huku huku, nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii. Yeye alikuwa na miwili tu, na bosi alikwishazoea kumwita yeye kwanza. Akinisalimia "shikamoo, fundi", nilijibu marahaba huku roho inaniuma.

Siku hiyo tulikwenda kufunga redio ya kurushia intaneti juu ya mnara, Newala. Bosi alikuja mwenyewe, maana jioni angetaja nani abaki kusimamia kituo kile. Nilikitaka kuliko kitu chochote.

Kwetu redio haiungwi kabla waya haujapimwa, kwa sababu umeme wake unapita humo humo. Nyuzi nane za ndani zikipishana, redio inaungua. Aliye juu anabana kichwa cha juu, yaani plagi ya nyuzi hizo, aliye chini anabana cha chini. Kisha wa chini anawasha testa, kipimo cha vipande viwili, na kutaja namba ya taa, na wa juu anajibu ile anayoiona kwenye kipande chake. Yeye alipanda. Mimi nilibaki chini, miwani mfukoni. Nilikuwa nayo tangu nilipopimwa macho hospitali ya Mkomaindo, lakini bora nife kuliko yeye anione nimeivaa.

"Tano," nikaita.

"Saba," akajibu.

Nilifurahi, sitaficha. Nikamwambia bosi, tena kwa sauti ya huruma, kwamba dada amekosea kichwa chake, ndiyo shida ya kuwaharakisha watoto kupanda minara. Bosi akamwambia akate, abane upya. Hakubisha. Alikata na kubana kule juu, upepo ukimsukasuka, nami nikasubiri nikiwa nimeshakipata kituo moyoni.

"Tano," nikaita tena.

Akajibu vile vile: "Saba."

Waya una vichwa viwili, na kimoja kilikuwa kimeshabadilishwa. Bosi akatazama kile nilichokuwa nimekishika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na taa ya saba. Nilivaa miwani, nikaona uzi mweupe wenye mstari wa bluu umekaa mahali pa ule wenye mstari wa kahawia.

Alishuka. Nilitegemea atanicheka, ili nipate haki ya kumchukia. Akamwambia bosi kwamba vumbi la huku linafanya rangi zote zifanane, kisha akaokota koleo la kubania, akanikabidhi.

"Bana wewe, fundi. Mimi nitakutajia rangi."

Nikabana, akinitajia moja moja. Alipopanda tena tukapima, taa zote nane zilifuatana. Kituo alipewa yeye. Nilirudi Masasi kwenye gari la bosi, miwani usoni, na sasa nilikuwa namwonea wivu hata wema wake.